Hilux za zamani, LN106 na LN166: kagua chasisi kabla hujasifia injini

Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990 ni gari la ajabu sokoni. Lina umri wa mtu mwenye watoto, AC yake ilikufa zamani, na bado mwenyewe hashuki bei. Ana sababu. Spea zake zinapatikana mpaka makao makuu ya wilaya, fundi analifungua bila kompyuta, na likiharibikia porini linarudi nyumbani kwa waya na ukanda wa mpira. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo inayouza mikweche. Mnunuzi anaambiwa "hii ni 3L, bosi, haijawahi kufunguliwa", inawashwa, inanguruma vizuri, anahesabu hela. Chini hajaangalia.

Tunazozungumzia hapa ni mbili. LN106 ni ya kizazi cha tano kilichotoka mwaka 1988: mbele ina ekseli nzima na lifu springi, sawa na nyuma, na injini yake ni 3L ya cc 2,779. LN166 na ndugu yake LN167 ni za kizazi cha sita kilichoanza 1997: mbele kila tairi linajitegemea kwa toshenba (fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi), na injini utakuta 3L au 5L ya cc 2,986. Injini hizi hazina tabo, zinazungusha kemshafti kwa mkanda, na pampu yake ya dizeli ni ya kawaida. Ukikuta imeandikwa 5L-E, hiyo pampu inaendeshwa kwa kompyuta na ukaguzi wake ni habari nyingine. Kwa wa Kenya, ambako gari lililotumika haliingizwi likishapita miaka minane, LN106 yoyote utakayouziwa imekula barabara za humohumo kwa miongo.

Hukumu tuitoe mapema: injini ya L (hizi 3L na 5L) ni kitu cha kununua tena, chasisi siyo. 3L iliyotumika utaitafuta Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, na ikipatikana fundi anaifunga maisha yakaendelea. Chasisi iliyooza au iliyopinda huwezi kuibadilisha hivyo, kwa sababu namba inayolitambulisha gari kisheria imegongwa juu yake. Ndiyo maana ukaguzi unaanzia chini, gari likiwa limezimwa na limepoa, kabla muuzaji hajapata nafasi ya kulipasha moto.

Vaa nguo chakavu. Beba tochi, kinyundo kidogo, bisibisi bapa, futi ya mita tano, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, jeki na magogo mawili ya kuegemeza. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama dalali anasema ni dakika moja tu.

Chasisi ya Hilux inapanda juu ili kuruka ekseli ya nyuma, na hapo kwenye mkunjo ndipo tope na maji hukaa. Anza hapo. Gonga kwa kinyundo kila baada ya sentimita tano, upande wa chini na wa ndani, kutoka henga (kishikio) ya mbele ya springi ya nyuma mpaka kwenye shakoli, kile kiungo kinachochezacheza kwenye ncha yake ya nyuma. Chuma kizima kinatoa mlio mkali. Kilichooza kinatoa mlio mzito uliokufa, na magamba ya kutu yanakudondokea usoni. Palipolia vibaya, sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama, mazungumzo ya bei yameisha, asante, mchana mwema. Kutu ya juujuu ambayo ukiikwangua unafika kwenye chuma king'avu si ugonjwa. Gari la miaka thelathini lisilo na kutu kabisa chini ndilo la kutilia shaka, maana kuna mtu amelipaka kitu.

Huyo mtu mara nyingi amepaka lami au rangi nyeusi wiki iliyopita. Kwangua sehemu tatu nne na utafute michomeleo. Kiraka si lazima kiwe kosa, tatizo ni namna kilivyochomelewa. Kiraka kilichochomelewa kwa mstari wima unaoikata chasisi kutoka juu hadi chini kitapasuka kando ya mchomeleo, kwa sababu joto limeidhoofisha bati ya hapo na mzigo wote unakutana kwenye mstari mmoja. Fundi anayejua kazi hukata kiraka chenye ncha zilizochongoka mbele na nyuma, kirefu kupita eneo bovu pande zote, ili mzigo ugawanyike. Kagua pia stelingi boksi ilipofungwa kwenye chasisi, mbele upande wa dereva. Futa grisi, mulika kuzunguka boliti, na baadaye, ukishamaliza kukagua injini ikiwa baridi na kuiwasha, mwambie mtu azungushe usukani huku na huku. Ufa wa hapo hujifungua na kujifunga ukiutazama, hasa kwenye magari yaliyovalishwa matairi makubwa kuliko ya kiwandani.

Magari ya pwani yana ugonjwa wao. Pikapu iliyobeba samaki miaka mingi, iwe Feri, Kilwa au Shimoni, imemwaga maji ya barafu yenye chumvi kupitia matundu ya bodi ya nyuma, na maji hayo hutua juu ya chasisi, upande ambao ukilala chini huuoni. Pitisha vidole kati ya bodi na chasisi, kwenye raba zinazobeba bodi. Ukitoa mkono umejaa vipande vya kutu vyenye unene wa kadi ya simu, sehemu hiyo igonge tena kutoka ubavuni. Na ukiinua mkeka ukanusa samaki, huna haja ya kuuliza gari lilikuwa linafanya kazi gani.

Mzigo nao unaacha ushahidi. Simama ubavuni, rudi hatua kumi, tazama nafasi iliyopo kati ya kebini na bodi ya nyuma. Ipime kwa futi juu na chini, zinatakiwa kulingana. Juu ikizidi chini kwa sentimita moja au zaidi, na raba za bodi si mbovu, basi chasisi imeinama nyuma ya kebini na mkia umeshuka. Halafu nenda kwenye springi. Lifu iliyoongezwa utaijua: kutu yake si sawa na ya wenzake, na mara nyingi haikupita kwenye vibanio. Muuzaji atakwambia gari limeongezewa nguvu. Nguvu imeongezwa kwenye springi. Chasisi, ekseli na breki vimebaki vilevile na vimekuwa vikibeba mzigo usio wao. Tazama matairi ya nyuma: yakiwa yameliwa upande wa ndani yote mawili, nyumba ya ekseli imepinda, na hilo fundi wa kawaida hanyooshi.

Kwa gari lililowahi kupinduka au kugongwa pembeni, pima mshazari. Shika boliti ya henga ya mbele kushoto mpaka pini ya shakoli ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Kwenye LN166 ambayo haina springi hizo mbele, chagua boliti yoyote ya chasisi inayofanana kushoto na kulia. Tofauti ya milimita chache ni makosa ya futi. Ikizidi sentimita moja, jiulize kwa nini.

Miguu ya mbele inatofautiana. LN106 ina lile duara kubwa la chuma nyuma ya kila tairi ambapo ekseli inakatia kona. Lifute kwa kitambaa uone kilichobaki kwenye kitambaa. Ukikuta grisi nyepesi iliyosambaa, ni kawaida. Ukikuta uji mweusi wa grisi iliyochanganyika na oili, oili sili ya ndani imekwisha, oili ya difu inahamia kwenye nakoli (kiungo hicho cha kukatia kona) na beringi zinaoga mchanganyiko huo. Sili zenyewe si ghali, ila kazi ni ya kufungua kila kitu pande zote mbili, kwa hiyo iingize kwenye bei. Kisha nyanyua tairi, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki ukiendelea kutikisa: mchezo ukipotea ni beringi za habu, ukibaki ni kingpini. Ukilishika kushoto na kulia likacheza, ni tairodi endi au boksi yenyewe. Jaribu pia frihabu za mkono, vile vifungo vya katikati ya matairi ya mbele vinavyoyaunganisha na ekseli: zizungushe kutoka FREE hadi LOCK kwa vidole, bila plaizi. Nyingi zimekwama kwa sababu hazijaguswa miaka kumi.

LN166 haina hayo, ina boli jointi za juu na chini, na buti za drifshafti zinazopasuka na kuingiza mchanga. Tazama pia boliti za kurekebishia toshenba, karibu na giaboksi. Zikiwa zimekazwa karibu kufika mwisho, toshenba zimechoka na mtu ameinua pua ya gari ili lionekane limesimama vizuri.

Sasa fungua boneti. Weka kiganja karibu na ekzosi manifoldi: ikiwa ya moto, mtu ameliwasha kabla hujafika na huna budi kusubiri lipoe, au urudi kesho asubuhi. Rejeta ikiwa baridi, fungua kifuniko. Maji ya rangi ya chai ni ya gari lisilowekewa kulanti. Utando wa oili juu yake ni jambo zito zaidi. Chomoa dipstiki. Oili nyeusi kwenye dizeli haisemi chochote, lakini oili mpya, nzito kama asali, kwenye injini iliyojaa vumbi kila mahali inasema kuna mlio uliokuwa unafichwa.

Washa. Taa ya hita ikizimika gari linatakiwa kudaka mara moja hata Njombe au Limuru. Likihangaika kwa sekunde kadhaa huku likitoa moshi mweupe unaonuka dizeli, kisha likatulia, hita plagi zinazopasha silinda kabla ya kuwasha zimekufa na hilo ni dogo. Moshi mweupe usioisha huku maji yakipungua ni silinda hedi au gasketi yake. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi unaotoka tu ukipanda mlima kwa nguvu unaweza kuwa nozeli au fulta ya hewa, lakini pia kuna mtindo wa kufungua skrubu ya dizeli kwenye pampu ili gari lipate mbio za kuuzia. Chunguza ile skrubu nyuma ya pampu. Kama kizuizi chake cha kiwandani kimevunjwa na nati inang'aa alama za spana mpya, umeshapata jibu.

Legeza kifuniko cha oili, kiache kimekaa juu ya tundu bila kukikaza. Mvuke mwembamba ni kawaida. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa mapigo, ringi na silinda zimeliwa. Anayetaka uhakika achukue fundi mwenye geji ya dizeli, atoe hita plagi na kupima mgandamizo: 3L nzima inafika kilo 32 kwa sentimita ya mraba, kikomo cha chini ni kilo 20, na silinda zisipishane zaidi ya kilo 5. Geji ya petroli haifai hapa, inaweza kuharibika.

Kuna mambo mawili ya injini hizi ambayo wakaguzi wengi wanayapita. La kwanza ni thamostati. Gari lililowahi kuchemsha mara nyingi limeondolewa thamostati na fundi wa njiani, na mwenye gari akaona limepona. Endesha dakika kumi na tano. Mshale wa joto ukibaki chini kabisa siku ya jua, thamostati haimo. Kurudisha mpya ni kazi rahisi, lakini sasa unajua injini ilishapikwa, na hedi ikaguliwe kama ina ufa. Hedi za 2L-T, ndugu yao yenye tabo, ndizo zilizojijengea jina baya kwa kupasuka. 3L na 5L zinavumilia zaidi, ila si kuendeshwa bila maji.

La pili ni pampu ya dizeli iliyochoka. Gari linawaka vizuri asubuhi, halafu likipata moto ukalizima haliwaki tena mpaka lipoe. Ndiyo sababu muuzaji hataki kulizima mkiwa njiani. Wewe lizime likiwa limechemka vizuri, subiri dakika tano, washa. Likigoma, weka kitambaa kibichi juu ya pampu kwa muda, kisha jaribu tena. Likiwaka, ndani ya pampu pameliwa: dizeli ikiwa ya moto inakuwa nyepesi na kupenya kwenye nafasi zilizopanuka badala ya kwenda kwenye nozeli. Kuifufua pampu ni moja ya gharama kubwa kabisa kwenye injini hii, na dukani ya kisanduku haipo kila mahali.

Mkanda wa taimingi hesabu umekufa mpaka uone ushahidi. Taa ya T-BELT iliwekwa kukumbusha kila kilomita 100,000, na wengi wameizima tu bila kubadilisha mkanda. Ukikatika, pistoni zinakutana na valvu. Kibandiko kilichoandikwa kilomita na tarehe ndicho ushahidi. "Nilibadilisha mwaka juzi" si ushahidi.

Kwenye oltaneta ya injini za L, nyuma yake ndipo ilipo vakyumu pampu inayolipa uhai busta la breki. Kuna magari yamefungwa oltaneta ya gari lingine isiyo na pampu hiyo, na dereva amezoea kukanyaga breki kwa miguu miwili. Kipimo ni chepesi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano mpaka pedali iwe ngumu, usiuondoe mguu, washa. Pedali lazima izame kidogo. Isipozama, fuata mpira kutoka kwenye busta uone unaishia wapi. Ukiwa bado na breki, chungulia juu ya ekseli ya nyuma utafute kile kijiti kinachounganisha ekseli na valvu ya kugawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Kikiwa kimefungwa kwa waya au hakipo kabisa, matairi ya nyuma yatawahi kukwama au hayatashika inavyotakiwa.

Barabarani, tafuta mlima. Gia ya nne, kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta mpaka chini: mlio ukipanda na mwendo usipande, klachi imekwisha. Shuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili haraka. Ikikwaruza kila mara, sinkronaiza ya pili imechoka, jambo la kawaida na la kuombea punguzo tu. Kwenye udongo laini ingiza 4L (matairi yote manne, gia nzito), teremka bila kukanyaga mafuta, uone kama transfa, giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, inaruka nje. Kisha 4H (yote manne, gia ya kasi) kwenye mchanga, mwendo ulionyooka. Gari likijibana kama limeshikwa breki, kuna difu lililobadilishwa lenye uwiano tofauti na mwenzake, na ukiendelea hivyo transfa ndiyo itakayolipa.

Bodi haina mengi. Sumaku ipite kwenye bodi juu ya matairi, chini ya milango, na pembe za chini za kioo cha mbele. Isiposhika kuna puti. Inua zulia la dereva. Puti nyingi kwenye fenda ni urembo, puti kwenye nguzo ya mlango ni ajali. Kilomita za dashibodi kwenye LN106 zinaendeshwa kwa kebo inayochomolewa kwa mkono, kwa hiyo amini zaidi raba za pedali kuliko namba.

Wengine wataambiwa waachane na hizi wachukue Vigo, yaani Hilux ya kizazi kilichofuata, KUN25 yenye 2KD ya cc 2,494 au KUN26 yenye 1KD ya cc 2,982. Ni gari tulivu zaidi na lenye nguvu. Ila nozeli zake ni za umeme, na kopa (washa za shaba) zinazokaa chini ya nozeli za 1KD zikivujisha, moshi wa mwako unaingia kwenye oili, masizi yanaziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini), na injini inakufa bila onyo refu. Vigo isiyo na kumbukumbu ya kubadilishiwa kopa hizo ifunguliwe sampu kabla ya malipo. Kwa anayeishi mbali na mashine ya kupimia nozeli, LN166 safi ni bora kuliko Vigo ya bei ileile.

Makaratasi yasiachwe kwa dalali. Namba ya chasisi isome mwenyewe kwenye chuma, kwenye reli ya kulia karibu na tairi la mbele, ukilinganisha na ile ya kibati cha kwenye boneti na kadi. Sugua kwa brashi ya waya polepole: herufi zikiwa na kina tofauti au chuma kimesagwa kuzizunguka, ondoka. Namba inayoanza na JT ni ya Japani, AHT ni ya kiwanda cha Toyota Afrika Kusini, MR0 ni Thailand. Kwenye kibati angalia pia rangi. 040 ni nyeupe, na gari la 040 ambalo leo ni la bluu lina historia ya kueleza. Injini ikiwa imebadilishwa, namba yake mpya iwe imeingizwa kwenye kadi ya TRA kwa Tanzania, au kwenye kumbukumbu za NTSA kwa Kenya. Faini za trafiki na madeni ya maegesho vitazamwe kabla ya kuhamisha umiliki. Gari lenye namba ya Zanzibar lina taratibu zake za ushuru likivushwa Bara.

Kati ya hizi mbili, LN106 ni ya mzigo na njia mbaya. Inarusha, inachosha mgongo, na haivunjiki mbele kirahisi. LN166 ni ya mtu anayepita lami nusu ya wiki. Yoyote utakayochukua, klachi, nozeli, hita plagi, sili na raba ni vya kupunguziana bei. Chasisi iliyotoboka, namba iliyochezewa na nyumba ya ekseli iliyopinda havina bei.

Likishakuwa lako, lisiende safari ya mbali kabla hujabadilisha mkanda wa taimingi pamoja na beringi zake na oili sili ya kemshafti na ya krenki, fulta ya dizeli, oili ya injini, na oili ya giaboksi, transfa na difu zote mbili. Za difu weka oili nzito ya gia, namba 90 ya daraja la GL-5. Ikitoka yenye rangi ya maziwa, maji yaliingia gari lilipovuka mito. Safisha tundu la kupumulia la juu ya ekseli kabla hujajaza mpya.